Maswali ya Wasomaji: Mbona grafu ya ishu hailingani na GitHub?

Nimetengeneza ukurasa unaochora grafu ya ishu (taarifa za hitilafu na maombi) zilizo wazi za mradi wetu ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. GitHub inaonyesha 212, grafu yangu 30 tu. Wenzangu ofisini wakiufungua mara kadhaa, unagoma kabisa. – Msomaji, Arusha

Hiyo 30 ndiyo inayomtaja mwizi. API ya GitHub, yaani mlango ambao programu huombea data, hutoa ishu 30 kwa mkupuo usipoieleza vingine. Weka `per_page=100`, ambayo ndiyo kikomo, kisha fuata kiungo cha `rel="next"` kilichomo kwenye kichwa cha jibu kiitwacho `Link`, hadi kisiwepo tena.

Hapo huenda ukakutana na kosa la kinyume: hesabu inazidi 212. Kwa API hiyo, kila pul rikwesti (ombi la kuingiza mabadiliko ya msimbo) ni ishu pia, na zote huja zimechanganyika. Tupa kila kipengee chenye uga wa `pull_request`. Usihakiki hesabu yako kwa `open_issues_count`, idadi ambayo API hutoa kwa mradi mzima, maana nayo imezichanganya vilevile.

Kuhusu kugoma: asiyejitambulisha huruhusiwa maombi 60 kwa saa kwa kila anwani ya IP, na ofisi nzima mkitumia intaneti moja mnagawana hayo 60. Mwenye tokeni (ufunguo wa siri wa kujitambulisha) hupewa 5,000. Ila tokeni usiipachike kwenye JavaScript ya ukurasa. Yeyote akibonyeza F12, kitufe cha kufungua zana za kivinjari, anayo. Acha seva ichote data usiku, iweke kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja), na ukurasa usome humo. Mara ya kwanza chota zote, zilizo wazi na zilizofungwa. Baada ya hapo tumia `since` yenye saa ya uchotaji uliopita, ili upate zilizobadilika tu, ukiambatanisha `state=all`. Ukiisahau hiyo `state=all`, ishu zilizofungwa hazitakufikia kamwe, na grafu yako itakuwa ya kupanda tu.

API inanipa hali ya leo. Nitapataje idadi ya kila siku kwa miezi iliyopita? – Msomaji, Nakuru

Usiulize kila siku kulikuwa na ishu ngapi, andika mabadiliko. Kila `created_at` (wakati wa kufunguliwa) ni +1 kwa tarehe yake, kila `closed_at` (wakati wa kufungwa) ni −1, kisha jumlisha kwa mfululizo. Tuseme ishu mbili zilifunguliwa tarehe 3: mstari uko kwenye 2. Tarehe 4 hakuna kitu, lakini lazima siku hiyo iwepo kwenye jedwali ikibeba 2 ya jana. Tarehe 5 moja ikafungwa na nyingine ikafunguliwa: bado 2. Tarehe 6 ikafungwa moja: 1. Anza na ishu ya kwanza kabisa ya mradi, hata kama unataka kuonyesha miezi mitatu tu, la sivyo mstari utaanzia sifuri na hata kushuka chini yake.

Kasoro ya njia hii ni ishu zilizofunguliwa upya. Ishu ikifunguliwa tena, `closed_at` hurudi kuwa `null` (tupu), na kipindi ilichokaa imefungwa kinafutika kwenye hesabu. Kama ni chache, ziache. Kama mradi wenu una mtindo wa kufunga na kufungua, soma matukio ya `closed` na `reopened` ya kila ishu, ingawa uchotaji utakuwa mrefu.

Ishu tuliyofungua saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu imehesabiwa Jumapili. – Msomaji, Zanzibar

GitHub huandika saa kwa UTC, saa rasmi ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Saa nane yenu ya usiku kule ni 23:00 ya Jumapili. Geuza kwanza kuwa `Africa/Dar_es_Salaam`, ndipo ukate tarehe. Wengi hukata herufi kumi za mwanzo za `created_at` moja kwa moja, na kosa huanzia hapo.

Na ukitumia Chart.js, maktaba ya JavaScript ya kuchora grafu, weka `stepped: true` ili mstari uende kwa ngazi: ishu haifunguki nusu, kwa hiyo mstari wa mshazari kati ya siku mbili unadanganya.