Muulize Bi Mkubwa: Mdogo wangu na kijana wa bodaboda

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Mdogo wangu katoka jeshini mwaka jana. Somalia alikwenda mara mbili, mstari wa mbele. Juzi jioni hapa Maweni pikipiki ya bodaboda ilitoa mshindo, akaruka, akamkaba mwendeshaji na kumng'oa jino. Sasa ana kesi. Mama asema ni jini la huko; mjomba asema jeshi ndilo lifundishalo ushari. Nani mkweli? – Dada mtu, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba ana ukweli kidogo, mdogo kuliko anavyodhani. Waingereza walipekua rekodi za uhalifu za wanajeshi wao karibu 14,000, wakatoa matokeo mwaka 2013. Kupelekwa Iraq au Afghanistan peke yake hakukuonekana kuongeza ukatili. Kupigana kwenyewe na kuona ya kutisha mara nyingi, hayo yaliongeza. Halafu ujana, cheo cha chini, kiwewe (mshtuko wa vita usiomtoka mtu), ulevi baada ya kurudi na, hili sisi jamaa hatupendi kulisikia, ugomvi wa tangu kabla ya magwanda. Wanajeshi wanaume wa chini ya miaka 30 wenye rekodi ya kudhuru watu walikuwa asilimia 20.6, kwa raia wa rika lao, 6.7.

Kiwewe si jini. Hapa Langoni, Lamu, nina mtoto wa jirani, naye alikuwa huko huko Somalia. Siku moja mashua iligonga gati, nikageuka, keshalala kifudifudi, kahawa yote kanzuni. Hotelini hakai ila mgongo ukutani, macho mlangoni. Lakini hajampiga mtu, na hanywi.

Ndiyo maana nasoma barua yako mara ya tatu nikitafuta neno moja. Jioni ile alikuwa ametoka kwenye mnazi, kunywa tembo? Hujasema. Na shuleni, alikuwa mpiganaji?

Afisa wa probesheni akija, mwelezeni yote, hata ya utotoni. Wakili amwombe hakimu ripoti ya daktari wa akili. Haitafuta kosa, ila itaonyesha kinachohitaji tiba. Mama asome kisomo chake, hakidhuru, bora dawa zisiachwe. Na kijana wa bodaboda msimsahau: nendeni kwao, mkalipie hilo jino, hata kabla hakimu hajasema.

Kisha niandikie kuhusu mnazi.