Branula, midlaini, PICC au poti? Maswali yenu kuhusu mirija ya mishipani

Mtoto wangu aliwekewa branula ya njano, mama yangu akaenda kupasuliwa na ya kijani. Ya kijani ndiyo bora? (Mzazi, Kayole)

Rangi haisemi ubora, inasema unene wa branula, yaani mrija mdogo wa plastiki unaoachwa mshipani. Ya machungwa ni namba 14, kijivu 16, kijani 18, waridi 20, buluu 22, njano 24. Namba ikipanda, mrija unakuwa mwembamba. Ya kijani hupitisha takriban mililita 90 hadi 100 kwa dakika, ya waridi karibu 60, ya buluu karibu 35. Kiwango cha kila kampuni kimechapishwa kwenye pakiti. Anayeenda kupasuliwa huenda akapoteza damu, kwa hiyo anahitaji njia pana. Kwa mtoto mchanga, mrija unaojaza mshipa wote huzuia damu kupita pembeni, dawa inabaki palepale na kuuchoma mshipa.

Urefu nao una neno. Kwa unene uleule, mrija mfupi hupitisha maji haraka kuliko mrefu. Ndiyo maana majeruhi wa ajali hutafutiwa kwanza branula mbili nene za mkononi, ingawa jamaa wengi huona laini ya shingoni, ambayo ni mrija mrefu zaidi, ndiyo yenye nguvu.

Damu inaweza kupitia branula ya waridi? (Mwanafunzi wa uuguzi, Githurai)

Inapita vizuri. Hata ya njano hutumika kwa watoto, polepole. Tazama saa tu: pakiti ya seli nyekundu imalizike ndani ya saa 4.

Mama amelazwa na branula zake zinafura karibu kila siku. Ni mbovu? (Umoja)

Mara chache. Anza na mahali ilipowekwa. Ikiwa kwenye kiwiko au kifundo cha mkono, kila mama akikunja mkono ncha inasugua ukuta wa mshipa mpaka inautoboa. Kigasha, katikati ya hapo, hudumu zaidi. Halafu angalia kibandiko: kikilowa na kuachia, mrija unacheza ndani. Dawa zenyewe pia huchoma: vankomaisini, glukosi ya zaidi ya asilimia 10, na potasiamu, ambayo kwa mishipa ya mkono kwa kawaida haizidi milimoli 40 kwa lita.

Kisha kuna kusafisha mrija, jambo linalorukwa sana wodi ikijaa. Kabla na baada ya dawa, mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa sirinji ya mililita 10: sukuma, sita, sukuma. Sirinji ndogo hutoa shinikizo kubwa zaidi. Ukihisi kizuizi usilazimishe. Na wakati wa kuweka, sindano ikishavutwa nyuma hairudishwi ndani ya mrija. Inaweza kukata plastiki, na kipande kikaenda na damu.

Branula zenye kifuniko kidogo juu hatuzipendi sana, maana tundu lililo chini yake halisafishiki vizuri. Afadhali kimrija cha nyongeza chenye mdomo unaosuguliwa kwa spiriti sekunde 15 na kuachwa ukauke.

Kama dawa ni za zaidi ya siku 5 na mishipa imegoma, ulizeni midlaini. Ina urefu wa sentimita 8 hadi 20, huwekwa mkono wa juu kwa msaada wa ultrasaundi, na ncha yake huishia kabla ya kwapa. Hudumu wiki 2 hivi. Lakini haifiki kwenye mshipa mkuu wa karibu na moyo, hivyo haifai kwa dawa zinazounguza nyama zikivuja.

Ni lazima branula ibadilishwe kila siku 3? (Muuguzi, Kibra)

Miongozo mingi ya sasa inaruhusu ikae mradi inakaguliwa kila zamu, itolewe ikiuma, ikiwa nyekundu, ikivuja au ikiwa haina kazi tena. Wodi isiyo na mtu wa kukagua ishike saa 72 hadi 96. Iliyowekwa kwa dharura bila usafi kamili isivuke saa 48.

Baba ana ugonjwa sugu wa figo na ameambiwa atawekewa PICC kwa antibiotiki za wiki 6. Tukubali? (South B)

Msikubali kabla daktari wa figo hajaulizwa. PICC ni mrija mrefu unaopitia mkono wa juu hadi mshipa mkuu wa karibu na moyo, na inaweza kuziba mishipa ambayo kesho itahitajika kutengenezewa fistula ya dialisisi, yaani mishipa miwili iliyounganishwa ili damu isafishwe kwa mashine. Kuna njia mbadala: laini nyembamba ya shingoni inayopitishwa chini ya ngozi. Hata branula za kawaida, ombeni ziwekwe mgongo wa kiganja.

Kwa kemo, PICC au poti? (Kasarani)

Kemo ya kila wiki 3 kwa miezi mingi, tungechagua poti. Ni kikasha kidogo chenye mpira juu na mrija uendao mshipani. Imezikwa chini ya ngozi ya kifua, mgonjwa anaoga kama kawaida, na isipotumika husafishwa takriban kila wiki 4. PICC hutoka nje ya ngozi, hubadilishwa kibandiko na kusafishwa kila wiki, na hufaa matibabu ya wiki kadhaa. Poti huwekwa na kutolewa kwa upasuaji mdogo, na hutobolewa kwa sindano maalumu ya Huber pekee. Sindano ya kawaida huchimba mpira wa poti na kuufanya uvuje. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kama SHA au bima yenu inalipia pia sindano hizo na upasuaji wa kuitoa.