Kabla hujapeleka mkaa wako maabara

Juzi usiku niliamshwa na ujumbe wa msomaji mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. "Dada, shikamoo. Nimechimba mashimo manne msituni, mkaa nimeupata mpaka sentimita 90. Bajeti yangu inatosha kupima umri wa vipande vitano tu. Nachukua vile vikubwa vya chini kabisa, si ndiyo?"

Nilicheka peke yangu kitandani, kisha kicheko kikakatika. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka sita iliyopita, nikajijibu "ndiyo", na ile ndiyo ikala mwaka wangu mzima.

Wewe uliyefika hapa naamini una ugonjwa kama wangu, kwa hiyo sina haja ya kukushawishi kwamba historia ya moto inapendeza. Jani likianguka linaoza, gogo likianguka linaliwa, lakini mkaa vijidudu vya udongoni havina hamu nao. Unakaa humo maelfu ya miaka. Mwaka 1985 watafiti waliochimba kuzunguka San Carlos de Río Negro, Venezuela, walieleza jinsi walivyokuta mkaa mwingi chini ya msitu wa mvua wa Amazon, msitu mbichi kabisa, wa aina ambayo watu walidhani moto hauwezi kuugusa. Vipimo vya kaboni-14, yaani vya umri wa kitu kilichowahi kuishi, vikaonyesha umeungua mara nyingi katika miaka 6000 hivi iliyopita. Nilisoma habari hiyo nikiwa mwaka wa pili chuoni, na siku hiyohiyo nikajua maisha yangu yatapita na udongo kwenye kucha.

Habari za vibali, matope na kusubiri usafiri naziruka. Nikupeleke moja kwa moja kwenye shimo la tatu, sentimita 80 kwenda chini, ambako beleshi lilitoa kipande cha mkaa kikubwa kama kidole gumba. Cheusi, kinang'aa, kimevunjika kwa kona kali. Nilikibusu, sikufichi. Nilikuwa na uwezo wa kupima vipande vitatu tu, nikachagua vitatu vikubwa kuliko vyote: kimoja cha juu, kimoja cha katikati, na kidole gumba changu cha chini. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno: cha chini ndicho kikongwe, cha juu ndicho kichanga, na katikati yao kuna historia.

Majibu yakaja. Cha juu, miaka 3100 hivi. Cha katikati, 2450. Cha chini, 400.

Nilidhani maabara wamechanganya lebo. Niliwaandikia, wakajibu kwa upole kwamba hawakuchanganya. Nikayapeleka kwenye semina vilevile, maana tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imefika, na mzee mmoja wa fani akasema mbele ya watu wote, "Binti, hebu geuza daftari, labda umelishika kichwa chini." Ukumbi ukaangua kicheko. Sijasahau. Mpaka leo nikimwona kwenye mikutano nashika kikombe changu cha chai kwa mikono miwili.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kucheka. Nilirudi kwenye lile shimo nikapanua ukuta wake kwa kisu, taratibu. Kidole gumba changu kilikuwa kipande cha bomba jeusi lililoshuka kwa mshazari kutoka juu, na udongo wa pembeni yake ulikuwa umeiva rangi ya tofali. Mzizi! Kisiki kiliungua miaka 400 iliyopita, moto ukateremka polepole ndani ya mzizi wake mpaka chini, ukaacha mkaa mchanga ndani ya udongo mkongwe. Mimi nikauchukua kwa furaha nikauita wa kale.

Na hapo bado hujawahesabu nyungunyungu, mchwa, na miti inayong'olewa na upepo ikapindua udongo juu chini. Sakafu ya msitu ni kitanda cha mtoto asiyetulia. Kuna mahali kina cha shimo kinasema kweli, lakini ni mahali ambapo udongo hufika kwa haraka na kufunika uliopita. Moto mkubwa wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, wa mwaka 1988 ulipopita, mvua ziliteremsha tope na mkaa kutoka kwenye miteremko iliyoachwa uchi, likatandazwa chini ya vilima. Wataalamu walipochimba matandazo ya zamani ya aina hiyo waliweza kusoma moto na mafuriko ya tope ya miaka 3500. Kule kuna tabaka. Kwenye shimo langu kulikuwa na mchanganyiko, nami nikausoma kama kalenda.

Sasa kile cha juu, cha miaka 3100. Hapa wengi bado wanateleza, hata walionicheka. Kaboni-14 haipimi siku mti ulipoungua. Inapima siku ule ubao ulipoota. Pete ya ndani kabisa ya mti ikishakamilika haipokei tena kaboni mpya. Saa yake inaanza kuhesabu hapohapo, ingawa mti wenyewe umesimama na unazaa. Chukua mti wa miaka 500, ufe, gogo likae karne mbili bila kuoza, ndipo moto uje. Mkaa wa moyo wa gogo hilo utakupa tarehe iliyotangulia moto kwa miaka 700. Mimi nauita umri wa kurithi. Daniel Gavin alilipima tatizo hili katika kisiwa cha Vancouver, Kanada, kwa kulinganisha mkaa na moto ambao tarehe yake inajulikana kutokana na miti yenyewe, na tofauti ilifika mamia ya miaka. Kipande kikubwa, ndugu yangu, mara nyingi ni kipande cha gogo kubwa. Nilikuwa nimechagua kwa makusudi, na kwa pesa yangu, kosa kubwa kuliko yote.

Cha katikati kilikuwa na msiba wake. Nilisoma "2450" kama mtu anavyosoma mwaka kwenye sarafu. Kumbe miaka hiyo inahesabiwa kurudi nyuma kuanzia 1950 (ndiyo, "sasa" ya wanakaboni ilisimama 1950), na lazima isahihishwe kwa mkunjo, yaani mchoro wa kugeuza miaka ya maabara kuwa miaka halisi, uliotengenezwa hasa kwa pete za miti, kwa sababu kaboni-14 hewani haikuwa sawa nyakati zote. Kati ya takriban mwaka 800 na 400 KK mkunjo huo umelala bapa, yaani miaka mingi tofauti inatoa jibu lilelile la maabara. Tarehe yangu iliangukia humo humo, na moto wangu ungeweza kuwa wowote ndani ya karne nne.

Basi ushauri. Chagua vijiti. Tawi jembamba lenye gome lake, sindano ya msonobari, ganda la mbegu, chochote kilichoishi miaka michache tu kabla ya kuungua. Loweka udongo usiku kucha kwenye maji yenye hexametafosfati ya sodiamu ili uachane wenyewe, uuchekeche kwa maji ya taratibu, usiusugue. Halafu kaa na hadubini. Kaa nayo! Nilipokuwa na haraka nilihesabu vijidonge vyeusi vya kuvu kama mkaa, mviringo kamili, vizuri kama shanga, wiki mbili nzima. Mkaa ukiugusa kwa sindano unavunjika na kuonyesha vyumba vya ubao. Mzizi mkavu unapinda. Funga kila kipande kwenye karatasi ya alumini, usikiguse kwa mkono wala usikiweke kwenye pamba.

Na chagua vijiti. Nimeshasema, narudia, kwa sababu vijana mnapenda kikubwa. Mnapenda kitu cha kupiga picha na kuweka sarafu pembeni yake. Mnataka tarehe tatu na makala moja kabla ya mwaka kuisha. Udongo haujali mwaka wako wa masomo. Mwezi uliopita makala yangu ilikubaliwa, ina tarehe 31 kutoka mashimo tisa, zote za vijiti na mbegu, na hakuna kipande hata kimoja ndani yake kinachozidi ukucha wa kidole kidogo. Mmoja wa waliosoma rasimu aliandika kwamba uteuzi wa sampuli ulikuwa "wa uangalifu usio wa kawaida". Nimeichapa sentensi hiyo nikaibandika ukutani. Ndiyo, najisifu, nimelipia.

Kwa mdogo wangu wa ujumbe nilijibu hivi: vipande vitano ni vichache, usivitawanye kwenye mashimo manne. Chagua shimo moja, lile ambalo ukuta wake hauna bomba jeusi wala alama ya mti uliong'oka. Toa vijiti viwili kutoka kina kilekile, ili uone kama vinakubaliana. Visipokubaliana, umeshajua udongo wako umechanganyika, na hilo nalo ni jibu. Vitatu vilivyobaki vitoke juu na chini ya hapo.

Akanijibu asubuhi: "Asante sana dada. Ila kile kikubwa cha sentimita 90 nimeshakifunga kwenye bahasha, posta wanafungua saa mbili."

Nimempigia simu saa moja na nusu.