Mteja anaitikia "sawa" kila kikao na habadiliki: yaliyonikuta na mvuvi wa dagaa

Dada uliyeuliza kuhusu mteja wako wa vikao sita, anayekubali kila unachosema na akirudi hajafanya hata kimoja, nakuomba usimwambie aache kuja. Mimi ni mshauri nasaha hapa Mwanza, na kidogo nimpoteze mtu wa namna hiyo.

Alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Kirumba (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Mkewe ndiye aliyemleta, sababu pombe. Vikao vitatu nilimweleza habari za ini, ada za watoto, madeni. Anazungusha kofia magotini, nikimaliza anasema, "Sawa mshauri, nimekuelewa." Nikizidi kumbana ndipo anaanza kutetea: baba yake alikunywa na akazeeka vizuri, ziwani usiku kuna baridi. Kwenye faili niliandika "mkaidi". Neno hilo linaniuma hadi leo.

Kikao cha nne nikang'amua kwamba huwa anakuja siku za mbalamwezi tu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi inalala mwaloni, pale ufukweni inapoegeshwa. Na siku hizohizo ndizo anazokunywa sana. Nikaacha kufundisha, nikamuuliza, "Kaka, hiyo pombe inakusaidia nini?"

Kofia ikatulia. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kazi inapatikana kilabuni, mshauri. Siku za giza, mwezi ukipotea, zikikaribia, tajiri mwenye mtumbwi anakuja pale kutafuta watu. Nisipoonekana, nafasi yangu anapewa mwingine."

Kumbe muda wote huo nilikuwa namwambia aache kazi!

Tulisoma kwamba ukinzani, yaani mteja kupinga mabadiliko, ni kitu kilicho ndani yake, na wengi wetu tumebaki na fikra hiyo tangu kwa Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. Lakini mwaka 1985 watafiti Patterson na Forgatch, Marekani, walilipima jambo hili: mtaalamu akifundisha na kukabili, ukaidi wa mteja unapanda, akiacha, unashuka, akirudia, unapanda tena. Miller na Rollnick, wenye mahojiano ya kuhamasisha (njia ya kumsaidia mtu azitaje mwenyewe sababu zake za kubadilika), kufikia 2013 walishaliweka kando neno ukinzani. Wanatenganisha mambo mawili: mtu kutetea hali aliyonayo, ambalo ni jambo la kawaida kwa yeyote mwenye nia mbili, na msuguano kati yenu ninyi wawili. Huyo wako, kwa ninavyomsoma, yuko kwenye msuguano, ila ni msuguano wa adabu. Huku kwetu mtu habishani na aliyemwona msomi. Anaitikia, halafu anaenda zake.

Kikao kijacho weka kazi za nyumbani pembeni kabisa. Mwambie, "Nahisi nimekuwa nakupa kazi zisizokufaa, nisamehe." Muulize akibadilika atapoteza nini. Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Katikati ya utetezi wake kutatokea kijineno kama "ila mtoto wangu siku ile aliniogopa". Kishike hicho, umrudishie hichohicho, na utetezi uliobaki uache upite.

Kuna mahali pamoja tu ambapo sikumsubiri. Asubuhi mikono yake ilitetemeka. Mlevi wa kiwango hicho akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo nilimpeleka kwa daktari kwanza. Hilo sibembelezi.

Mpango mwingine aliutunga mwenyewe: kwenda kilabuni mapema, kukaa na soda hadi tajiri amwone, kisha kuondoka kabla wenzake hawajachangamka. Mara mbili ulimshinda, na mara zote mbili alikuja kikaoni peke yake, bila mkewe, akanieleza. Mara ya pili nilipendekeza aongee na tajiri moja kwa moja. Akatikisa kichwa, "Hapana mshauri, hapo umekosea, wewe humjui yule." Akavuta kiti karibu, akaanza kunielekeza.