Karatasi ya kwanza iko wapi?

SWALI: Ndugu mshauri wa vitabu, salamu. Nimejipatia juzuu la kwanza la Talmudi ya Babeli, tafsiri ya Kiingereza. Mimi si Myahudi, ila natamani kuielewa dini yao kwa maneno yao wenyewe, si kwa kusimuliwa na wengine. Huu ni mwezi wa pili na nimesoma kurasa nne tu. Kwanza, kitabu kinaanzia ukurasa wa 2, sijui kama karatasi imenyofolewa. Pili, mstari wa kwanza kabisa unauliza Shema ya jioni, ile sala ya "Sikiza, Ee Israeli", isomwe kuanzia lini, wakati hakuna aliyekuwa ametaja Shema. Nimekosea wapi? — Msomaji aliyekwama

JIBU: Ndugu yangu, nakala yako ni nzima. Vitabu vya Talmudi ya Babeli huanzia karatasi ya 2 kwa sababu ile yenye jina la kitabu imehesabiwa kuwa ya 1. Mpangilio huo wa karatasi umetokana na chapa ya Daniel Bomberg, Mkristo aliyekuwa na kiwanda cha uchapaji Venice, aliyekamilisha Talmudi nzima mwaka 1523. Hadi leo ukiandikiwa 2a au 2b, maana yake ni karatasi ya pili, upande wa kwanza au wa nyuma, na kila anayesoma popote duniani atafungua palepale.

Swali lako la pili limenifurahisha mno. Rudi kwenye ukurasa huo, shuka chini ya Mishna, yaani ile sheria fupi ya mwanzo, soma mstari wa kwanza wa Gemara, yaani mjadala wa walimu wa Babeli juu yake. Unauliza: mwalimu wa Mishna amesimama wapi hata aseme "kuanzia lini"? Yaani walimu wa Babeli walishtuka palepale uliposhtuka wewe! Wakajibu kwamba amesimama juu ya Kumbukumbu la Torati, "ulalapo, na uondokapo", na kwa kuwa kulala kumetajwa kwanza, jioni nayo ikatangulia. Hukukosea kitu, ndugu yangu. Ulifunga kitabu mapema tu.

Mimi nilianza kama wewe, peke yangu, nikisoma mfululizo kama anayesoma historia. Baada ya miezi saba nilikuwa na majina ya marabi kichwani na sikuweza kueleza hoja moja mpaka mwisho. Kilichoniokoa ni kipande cha kadi. Nafunika mistari ya chini, nasoma mmoja, najiuliza, "Hapa kuna nini cha kumkera mtu?" Nikishapata jibu langu ndipo nashusha kadi. Ni kazi ya polepole, lakini tangu hapo nasoma kwa raha.

Kwa hiyo liweke kando juzuu hilo kwa muda. Anza na Mishna yenyewe, ile aliyoikusanya Rabi Yehuda ha-Nasi kule Galilaya karibu mwaka 200, mafungu 6 yenye vitabu 63. Tafsiri ya Herbert Danby ya mwaka 1933 imeiweka yote katika juzuu moja. Usiisome yote. Fungua kimoja cha vitabu hivyo, Bava Metzia, mlango wa kwanza, watu wawili wameshika nguo moja. Huyu anasema, "Mimi nimeiokota, yote ni yangu," na mwenzake anasema vilevile. Kila mmoja ataapa kwamba hana ndani yake chini ya nusu, kisha watagawana. Sasa badilisha neno moja tu: wa kwanza anadai yote, wa pili anadai nusu. Funika, ufikiri. Wengi tungempa wa kwanza theluthi mbili, kwa kuwa dai lake ni mara mbili ya la mwenzake. Mishna inampa robo tatu. Nusu moja haina ugomvi, maana wa pili mwenyewe amekiri si yake. Ugomvi umebaki kwenye nusu nyingine, hiyo ndiyo inayokatwa kati.

Ukishaizoea hiyo, ingia kwenye Gemara ya mlango huohuo ukiwa na Rashi, mfafanuzi wa Talmudi kutoka Troyes huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Maneno yake ndiyo yaliyo upande wa ndani wa ukurasa, karibu na mshono wa kitabu. Yanakueleza neno ulilokwama, basi. Ukikosa chapa yenye Rashi, tafsiri yenye maelezo ya Adin Steinsaltz inasomeka bure kwenye tovuti ya Sefaria. Ule utaratibu wa karatasi moja kila siku, ulioanzishwa na Rabi Meir Shapiro mwaka 1923, ni mzuri lakini usianze nao. Karatasi ni 2,711, huchukua miaka saba na nusu, na mgeni hubaki akikimbizana na tarehe.

Tafuta pia mwenzako wa kusoma naye. Kwenye Bava Metzia hiyohiyo, 84a, Resh Lakish, mwenzake Rabi Yohanan wa kusoma naye, anafariki, na Rabi Yohanan analetewa mwanafunzi mwingine amliwaze. Mwanafunzi huyo kila akisikia neno anasema, "Kuna fundisho linalokuunga mkono." Rabi Yohanan anamjibu kwa uchungu kwamba Resh Lakish alikuwa akimpinga mara 24, naye akijibu mara 24, na hivyo ndivyo sheria ilivyopanuka. Hakutaka wa kumkubalia. Mimi husoma na rafiki kwa simu mara moja kwa wiki, nusu ukurasa, na hatukubaliani mara nyingi.

Chukua basi nguo ile. Ikiwa watagawana hata hivyo, kwa nini waapishwe? Jibu la Rabi Yohanan liko karatasi ya 3. Usiifungue kwanza. Niandikie lako.