Watoto wawili Dodoma: wachangie nini, na kipi kila mmoja awe na chake

Mzazi akipata mtoto wa pili huangukia upande mmoja kati ya miwili. Ama anaendesha ratiba mbili ndani ya nyumba moja, hadi kufikia saa nne asubuhi yeye na dada wa kazi wako hoi. Ama anawaunganisha watoto katika kila kitu, mpaka kijiko cha dawa. Maelezo haya ni ya nyie mliohamia Dodoma karibuni, wenye mkubwa wa miaka miwili au mitatu na mdogo ambaye hajatimiza mwaka au ndiyo kwanza ameutimiza. Kaeni mpange mapema kipi kichangiwe na kipi kisichangiwe kabisa. Na vumbi, ukavu na mgao wa maji wa huku navyo mvihesabu.

Chakula kichangiwe. Sufuria moja inatosha: kabla ya kutia chumvi na pilipili, chota sehemu ya watoto, ya mdogo uiponde, ya mkubwa uiache ilivyo. Mdogo aanze akifikisha miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu, bila maji, hata kama ni joto la Novemba. Anza na vijiko viwili vitatu kwa mlo, ongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Akishatimiza mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku. Uzito wa chakula upime kwa kijiko: ukikiinamisha, chakula kibaki. Kikichuruzika, tumbo dogo linajaa maji na mtoto analala na njaa. Mlenda wa Kigogo unafaa sana kwa walaji hawa wawili kwa kuwa ugali laini unateremka bila ugomvi, ila peke yake haumjengi mtoto. Utiwe karanga za kusaga au dagaa waliopondwa, na mafuta kidogo.

Kwenye unga wa uji inabidi tukae kidogo. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizoanikwa au kuhifadhiwa vibaya. Haionekani kila mara kwa macho, na kuchemsha hakuimalizi. Uji ukitokota hata nusu saa, bado imo. Kinga iko kwenye kuchambua, na unga uliokwisha kusagwa hauchambuliki. Kwa hiyo nunua nafaka nzima, iliyokauka vizuri. Toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kisha usagishe kidogo kidogo, kilo mbili mbili. Zile ulizozitoa zitupe. Kuku naye asipewe. Karanga usizisage pamoja na nafaka. Zina mafuta, hivyo unga wote unachacha mapema, na karanga moja mbaya ikishaingia mashineni huipati tena. Zichambue, zikaange, zisage pembeni, kisha utie kijiko kimoja cha chakula kwenye uji ulioiva.

Ule unga wa nafaka saba au nane unaosifiwa mitaani haustahili bei yake. Mahindi, uwele, mtama na ulezi zote kazi yake kubwa ni wanga, na kuzirundika pamoja hakuzibadilishi kazi. Uwele peke yake, ukiongezwa maziwa au karanga, unamtosha mtoto.

Zabibu nazo ni jambo la Dodoma. Mavuno ni mara mbili kwa mwaka, takribani Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na msimu ukifika zinaingia kila nyumba. Punje yake ni ya mviringo, inateleza, na upana wake unatosha kabisa kuziba koo la mtoto. Ikatwe kwa urefu, vipande vinne, mpaka mtoto afikishe miaka 5. Hatari kubwa si mama, ni mkubwa anayempenda mdogo wake na kumtilia mdomoni anachokula yeye. Ndiyo maana sheria iwe ya jikoni: hakuna zabibu nzima inayotoka humo. Karanga nzima na mbegu za ubuyu zihesabiwe hivyohivyo.

Mdogo wa chini ya mwaka akipaliwa, akawa halii wala hakohoi, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze na ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, kisha rudia. Aliyevuka mwaka hupigwa mgongoni vilevile mara 5, kisha unasimama nyuma yake na kulikandamiza tumbo juu ya kitovu, kwa ndani na juu, mara 5. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.

Maji ya kuoga yachangiwe, kwa utaratibu. Tia maji ya baridi kwanza kwenye beseni, ya moto baadaye, upime kwa kiwiko. Aanze mdogo. Akitoka, ndipo uongeze ya moto kwa ajili ya mkubwa, beseni likiwa halina mtu. Yanayobaki ni ya chooni. Katika mtaa wa mgao hakuna anayeyamwaga. Mmoja akiwa na upele au mapunye, kila mtu na maji yake. Maji ya akiba yawe na mifuniko inayobana, maana ndoo yenye maji ya kina cha kiganja inatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kusimama kwa kushikilia ukingo.

Kitambaa cha uso kisichangiwe. Trakoma, inayoenezwa na mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye tongotongo, imeisumbua Dodoma miaka mingi, na wilaya ya Kongwa imechunguzwa kwa ugonjwa huo kwa miongo kadhaa. Kila mtoto awe na kitambaa cha rangi yake na msumari wake wa kukitundikia, uso uoshwe asubuhi na jioni. Kuosha uso hakuli maji mengi kama watu wanavyodhani: kikombe kimoja kinatosha wote wawili, ukimimina badala ya kuchovya.

Kuanzia Juni usiku unakuwa wa baridi, kisha upepo wa vumbi unashika. Wapake mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ikishakauka mafuta hayana cha kuhifadhi. Pua ya mkubwa ikitoka damu, akae, ainame mbele, umbane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia ili kuchungulia. Kumwinamisha nyuma, jambo tunalofanya karibu wote, kunampeleka damu tumboni na baadaye anaitapika.

Kliniki inachangiwa nusu. Mdogo ana tarehe zake: akizaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18 kwa surua na rubela. Anayesahaulika ni mkubwa. Watoto wakipishana miaka miwili, miezi 18 ya mkubwa inaangukia mama akiwa na mimba ya takriban miezi mitatu, kichefuchefu kimepamba moto, na chanjo ile ya pili ya surua inapita. Fungua kadi zote mbili leo uangalie. Mnapoweza kwenda pamoja ni Juni na Desemba, miezi ya matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 na dawa za minyoo kwa waliotimiza mwaka.

Dawa haichangiwi. Sharubati ya parasetamo iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 8 hapaswi kuvuka mililita 5 kwa mara moja. Wa kilo 14 anafika mililita 8 hivi. Ukiwapa wote "kijiko kimoja", mkubwa homa haishuki, na kijiko cha jikoni kikiwa kikubwa, mdogo amezidishiwa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, pisha saa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, usivuke mara 4 kwa siku. Soma chupa kila mara, maana matone ya vichanga huwa na nguvu mara kadhaa kuliko sharubati. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi 3 haina dawa ya nyumbani. Ni hospitali papo hapo. Na kwa kuwa malaria Dodoma ni chache kuliko Kanda ya Ziwa, watu huacha chandarua na kubahatisha dawa. Homa ipimwe kwanza.

Wakiharisha wote wawili, jagi la ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, linachangiwa, vikombe havichangiwi. Pakiti moja katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa; yakipita saa 24, mwaga. Baada ya kila choo cha maji, wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, mkubwa wake 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole zaidi. Zinki ni siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukiisha siku ya tatu: kidonge cha miligramu 20 kwa aliyetimiza miezi 6, nusu yake kwa ambaye bado. Macho yakididimia, akawa hanywi tena au anasinzia ovyo, mpelekeni hospitali bila kumalizia jagi.

Kuacha nepi kwataka msimu. Oktoba na Novemba nguo ni chache na zinakauka kabla ya adhuhuri, hivyo ajali kumi si kitu. Julai ni mateso. Usianze mwezi ambao mdogo anazaliwa. Mkubwa aliyekwishaacha akianza tena kujikojolea mdogo alipofika, usimchape. Hurudi mwenyewe baada ya wiki kadhaa akipata muda wake na mama, hata robo saa. Choo cha shimo kinamtisha kwa haki kabisa, mnunulie poti.

Matembezi ya mjini, iwe Nyerere Square au Chinangali, yawe baada ya saa kumi jioni. Bodaboda ya mishikaki, baba mbele na mtoto, mama nyuma na mtoto, tuache, bajaji ipo. Kwenda Dar, treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imewarahisishia wenye watoto kuliko kitu kingine chochote: chini ya saa nne badala ya kutwa ndani ya basi. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000, miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure, kwa hiyo jiandaeni kumpakata mdogo. Begi liwe moja, lakini ndani kila mtoto awe na mfuko wake: nguo jozi mbili, kitambaa chake, chupa yake ya maji. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viwe kwenye pochi ya mama, si begi la juu. Na mkivitoa, linganisheni majina. Baba akiandikwa Mohamed kwenye cheti kimoja na Muhammad kwenye kingine, rekebisheni mapema, kabla uandikishaji wa shule haujafika.