Kona ya Bunduki: Mtutu Mfupi Unaiba Mwendo wa Risasi?

SWALI: Kamwene fundi. Mimi ni msaidizi kwenye kampuni moja ya uwindaji, nyumbani Idodi huku Iringa. Tulipata mgeni wa Marekani ana raifo ya kaliba .308 mtutu inchi 20, risasi anazijaza baruti mwenyewe kwao kabla hajasafiri. Sasa analalamika kitabu chake cha kujazia kinamwambia futi 2,620 kwa sekunde ila kimashine chake cha kupimia mwendo kinasoma 2,520 tu. Mzee wetu mmoja kambini akamwambia si uongeze baruti kidogo, mgeni akakataa katakata na hakusema kwa nini. Hizo futi 100 zimeenda wapi, na kwa nini asiongeze?
– Msaidizi, Idodi

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Hazijaenda popote, kwenye bunduki yake hazikuwahi kuwepo. Vitabu vya kujazia huwa vinaandika mtutu uliotumika kupimia, mara nyingi ni wa inchi 24, na watu wanauruka huo mstari wanakimbilia namba kubwa. Yeye ana inchi 20.

Iko hivi, baruti ikiwaka ndani ya ganda inageuka gesi, gesi inasukuma risasi, na itaendelea kuisukuma mpaka risasi itoke kwenye mdomo wa mtutu, ikishatoka basi. Ni kama kusukuma gari lililozima, ukilisukuma hatua ishirini litakimbia kuliko ukiliachia kwenye ya kumi. Ila msukumo wenyewe hauko sawa njia nzima. Presha inafika kileleni mapema sana, risasi ikiwa ndo kwanza imesogea inchi chache, baada ya hapo gesi inatanuka na kuishiwa nguvu, kwa hiyo kila inchi ya mbele inaongeza kidogo kuliko ya nyuma yake.

Kwa .308 ukikata inchi moja unapoteza kama futi 20 mpaka 25 kwa sekunde. Zidisha mara nne uone kama hujapata za mgeni wako. Kaliba za magnum kama .300 Winchester Magnum zina baruti nyingi kwa tundu lilelile, hizo zinaumia zaidi, ndo maana mtu mwenye magnum ya mtutu mfupi mimi huwa namshangaa, kanunua ganda kubwa halafu baruti inamalizikia hewani. Kwa upande mwingine .22 ndogo ile ikifika inchi 16 hivi imeshamaliza, ukirefusha sana msuguano unaanza kuipunguza. Na usizichukue hizi namba kama msahafu, mitutu miwili ya urefu mmoja, kiwanda kimoja, inaweza kupishana futi 50 na yote ni mizima.

Sasa kuhusu ushauri wa mzee, hapo mgeni yuko sahihi kabisa. Nimesema presha kubwa inatokea huku nyuma karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Huko mbele ukikata inchi nne au usikate, chemba haijui, inabeba mzigo uleule. Kwa hiyo kama kipimo chake cha baruti kishafika mwisho wa kitabu kwa mtutu wa inchi 24, kimefika mwisho kwa wa inchi 20 pia. Wazungu wa Ulaya wameiwekea .308 kikomo cha presha cha bar 4,150, na hicho kikomo hakijali urefu wa mtutu. Akiongeza ili arudishe zile futi 100 anaanza kuona bolti, kile chuma cha kufungia chemba, ngumu kufunguka na fataki, kile kidude kinachowasha baruti, imelala bapa kwenye kitako cha ganda, na wakati mwingine huoni dalili yoyote mpaka chuma kipasuke usoni kwako. Kuna wengine wanasema mtutu mfupi utiliwe baruti ya kuwaka haraka, nayo kwa raifo za kawaida haisaidii, baruti iliyotoa mwendo mkubwa kwenye mtutu mrefu kwa kawaida ndo itaongoza na kwenye mfupi.

Na hasara yenyewe ni ndogo. Bunduki ikirekebishwa ipige sawasawa mita 100, kwenye mita 200 risasi itadondoka zaidi kwa sentimita moja na nusu hivi. Nguvu inapungua kama asilimia 7 au 8. Kwenye miombo ya huko kwenu mnyama mwenyewe unampiga ndani ya mita 100, hataijua tofauti. Utakayeijua ni wewe unayesimama pembeni, maana gesi inatoka bado ina hasira, kelele na mmuliko vinazidi, ziba masikio.

Ila usije ukaagiza vifaa ujaribu nyumbani. Kwa sheria ya silaha na risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

SWALI: Ugonile fundi. Huku Mbeya mjini tuko mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, rafiki yangu anadai risasi inatoka kwa kasi kuliko kule bondeni Usangu kwa sababu hewa ni nyepesi. Kweli?
– Msomaji, Mbeya

JIBU: Ugonile. Mdomoni mwa mtutu hapana. Hewa nyepesi inaisaidia risasi ikishatoka, inapunguza kasi polepole zaidi, na utaliona hilo kwenye mita 300 kwenda mbele. Kinachobadilisha mwendo wa kutokea ni joto la baruti, ikipoa inasukuma kidogo, kwa baruti za kawaida ni kama futi moja mpaka mbili kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo asubuhi ya Juni hapo Mbeya, kwa nyuzi 8, risasi yake itatoka taratibu kuliko saa saba mchana Usangu. Cha kuogopa zaidi ni kinyume chake, risasi zilizoachwa kwenye dashibodi ya Land Cruiser juani, hizo presha inapanda, na kama zilishajazwa mpaka mwisho wa kitabu zitoe juani na uziache zipoe kivulini kabla hujazipiga.